Miche sitini, makabati mawili: kisa cha swali lililookoa tasnifu

Mwanafunzi ninayemzungumzia hapa alikuwa katika mwezi wa 14 wa shahada yake ya uzamili ya baiolojia ya mimea, siku aliposimama mbele ya semina ya idara kueleza matokeo yake ya kwanza kuhusu athari ya joto katika mizizi ya miche aliyoiotesha kwenye vikopo ndani ya makabati. Alikuwa na dakika 15 na slaidi 22. Mimi, msimamizi wake wa pili, nilikaa safu ya nyuma nikiwa sina shaka naye hata kidogo. Alipomaliza, mtafiti mmoja mstaafu wa fizikia akainua mkono.

"Mwanangu, kila joto lilikuwa na makabati mangapi?"

"Vikopo thelathini, Profesa."

"Nimeuliza makabati."

"Ndiyo, Profesa, thelathini kwa kila kundi. Jumla sitini."

Mzee akatikisa kichwa kwa upole, akasema, "Haya, tutazungumza baadaye," akaketi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimelielewa swali, na nilipolielewa moyo ulinipasuka, kwa sababu pendekezo la utafiti lile nilikuwa nimelisoma na kulitia saini miezi kumi kabla ya hapo, na swali hilo sikuuliza.

Mwanafunzi mwenyewe ameniruhusu kukisimulia kisa hiki mradi nisimtaje jina. Nakisimulia kwa sababu kwa miaka mingi tumewafundisha wanafunzi wa sayansi kwamba kufanya utafiti ni kazi moja na kuueleza ni kazi nyingine inayokuja baadaye, kama vile kupaka rangi nyumba iliyokwisha jengwa. Yaliyompata mwanafunzi huyu yalinionyesha nilivyokuwa nimekosea.

Jaribio lilivyokuwa

Swali lake lilikuwa zuri: je, joto kali linafupisha mizizi ya miche michanga ya nafaka? Alikuwa na makabati mawili ya kuoteshea mimea. La kwanza, tuliite A, akaliweka nyuzijoto 25; la pili, B, nyuzijoto 32. Akapanda mbegu katika vikopo 60, akaweka 30 huku na 30 kule, akavitunza kwa siku 21, kisha akaosha udongo na kupima mzizi mrefu kuliko yote wa kila mche. Katika A wastani ulikuwa sentimeta 11.4, katika B sentimeta 8.1. Tofauti ni sentimeta 3.3. Jaribio la t, kipimo cha takwimu cha kulinganisha wastani wa makundi mawili, likampa thamani ya p iliyo chini ya 0.001, yaani tofauti kubwa kiasi hicho ingekuwa nadra sana kutokea kwa bahati tu, akaiandika kwa herufi nene kwenye slaidi ya 17.

Kasoro yenyewe ni hii: joto halikutiwa kwenye kikopo kimoja kimoja, lilitiwa kwenye kabati. Vikopo vyote 30 vya kabati B vilipata joto moja, lakini pia vilipata feni moja, taa zilezile, unyevu uleule na mlango uleule unaofunguliwa na mkono uleule. Kama mizizi ya B ilikuwa mifupi, hakuna namna ya kujua kwa data hiyo kama sababu ni nyuzijoto 32 au ni kabati B. Kupima vikopo 30 ndani yake ni kumhoji shahidi mmoja mara thelathini. Utaujua ushahidi wake vizuri sana, lakini shahidi atabaki mmoja. Kwa hiyo sampuli za jaribio lile hazikuwa 60. Zilikuwa mbili, moja kwa kila joto, na kwa sampuli moja kila upande jaribio la t halina cha kupima.

Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert alichapisha makala iliyoipa kasoro hii jina, ambalo kwa Kiswahili naliita marudio bandia. Alichunguza majaribio 176 yaliyokuwa yamechapishwa, na kati ya yale yaliyotumia takwimu kupima dhana, asilimia 48 yalikuwa na kasoro hiyo. Majaribio hayo yalifanywa na watafiti wazoefu, yakasomwa na wahakiki, yakapitishwa na wahariri. Kwa hiyo si suala la mwanafunzi mvivu au asiye na akili. Nimejiuliza sana kasoro kubwa hivyo inapitaje mbele ya macho ya watu wengi hivyo, na jibu nililipata nilipolifungua tena pendekezo la mwanafunzi wangu.

Sentensi iliyotupita sote

Kwenye sehemu ya mbinu aliandika hivi: "Miche 60 iligawanywa katika makundi mawili ya joto, nyuzijoto 25 na 32, yenye marudio 30 kila moja."

Sentensi hiyo haina uongo, na kisarufi haina tatizo. Ndivyo tunavyoandika katika sayansi, na ndivyo nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Ila tazama kilichokosekana. Kitenzi "iligawanywa" hakisemi miche iliwekwa wapi. Neno "kundi" linakaa mahali pa kabati na kulifunika. Neno "marudio" limekwisha toa hukumu kwamba kila kikopo ni rudio, yaani sampuli inayojitegemea, kabla msomaji hajapata nafasi ya kuuliza. Msomaji anayesoma upesi, kama nilivyosoma mimi, anaona picha ya vikopo 60 vinavyojitegemea, anageuza ukurasa.

Baada ya semina nilimwomba aiandike upya kwa sharti moja: kila kitu kilichoguswa kwa mkono kitajwe kwa jina lake. Akaandika: "Kabati A niliweka nyuzijoto 25. Kabati B niliweka nyuzijoto 32. Niliweka vikopo 30 katika kila kabati." Aliposoma kwa sauti alisimama kwenye sentensi ya pili. Akaisoma tena. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo kabati ni moja moja tu?"

Ni yeye aliyeyapanga makabati hayo, na kwa wiki tatu alikuwa akiyafungua kila asubuhi. Hakuwa amejifunza lolote jipya kuhusu jaribio lake. Alikuwa amebadilisha vitenzi tu, na ukweli aliokuwa nao mikononi ukaonekana. Tangu siku hiyo siwezi tena kuuita uandishi wa wazi pambo. Sentensi zile tatu fupi zilifanya kazi ambayo jaribio la t halikuweza kuifanya.

Niseme pia kwamba miezi miwili kabla ya semina alikuwa amehudhuria mafunzo ya siku mbili ya uwasilishaji. Alijifunza ukubwa wa herufi, rangi, namna ya kusimama, namna ya kuwatazama watu. Siyadharau mambo hayo. Mtu asiyesikika nyuma ya chumba hajawasilisha kitu. Lakini mafunzo yale hayakumtaka hata mara moja amweleze mtu mwingine jaribio lake na kumsikiliza huyo mtu akilieleza tena. Slaidi zake zilipendeza, na kupendeza kwake kulituridhisha wote, ila mzee mmoja.

Namna alivyolisikia swali la mzee nayo inafaa kuangaliwa. Nilimuuliza kwa nini alijibu vikopo mara mbili. Akasema, "Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la idadi ya sampuli, Mwalimu. Nikalisikia hilo." Hofu ilimfanya asikie swali alilolitegemea. Dawa yake ni ndogo, na aliifanyia mazoezi mpaka ikawa tabia: kabla ya kujibu, rudia swali kwa maneno yako mwenyewe na umuulize aliyeuliza kama ndilo hilo. Inachukua sekunde tano. Angesema siku ile, "Unauliza nilitumia makabati mangapi kwa kila joto?" nafikiri angejisikia mwenyewe na kugundua papo hapo.

Vikopo saba vilivyoachwa

Tulipoketi na daftari lake la maabara tukakuta jambo la pili. Vikopo vya B vilivyoingia kwenye grafu vilikuwa 23, si 30. Miche saba ilikufa kabla ya siku ya 21, naye akaiacha kwa kuwa haikuwa na mzizi wa kupima. Hakukusudia kumdanganya mtu. Kwenye daftari kila kifo kilikuwa kimeandikwa kwa tarehe na mahali kikopo kilipokaa. Sita kati ya saba vilikuwa safu ya nyuma ya kabati, karibu na feni. Katika kabati A hakufa hata mche mmoja.

Hapo nilimsimulia habari ya chombo cha anga cha Challenger, nami nairudia hapa kwa sababu kila mwanafunzi wa sayansi anastahili kuijua. Jioni ya tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo hicho walipendekeza kisirushwe kesho yake, kwa kuwa baridi ingekuwa kali na waliogopa kwamba mipira ya kuzibia maungio ya roketi ingeshindwa kuziba. Hofu yao ilikuwa ya haki. Lakini katika mjadala ule, walipotazama uhusiano kati ya joto na hitilafu za mipira, zilizotazamwa ni safari zilizopata hitilafu tu, na katika hizo mwelekeo haukuonekana wazi, kwani hitilafu zilitokea kwenye baridi na kwenye joto. Chombo kikarushwa, kikavunjika sekunde 73 baadaye, watu wote saba waliokuwamo wakafa. Tume iliyochunguza ajali ilipoziongeza safari ambazo hazikupata hitilafu, picha ikageuka kabisa: safari zote nne zilizorushwa chini ya nyuzijoto 18 hivi zilikuwa na hitilafu, ilhali kati ya safari 20 zilizorushwa kwenye joto zaidi ya hapo, tatu tu ndizo zilizopata. Ushahidi ulikuwa umelala katika safari zilizoonekana hazina la kusema.

Miche saba iliyokufa ilikuwa na la kusema vilevile. Ilisema kwamba nyuma ya kabati B kulikuwa na kitu zaidi ya joto. Na ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa wa tisa wa daftari, wiki nyingi kabla ya semina. Ndiyo maana siku hizi sikubali grafu ya nguzo mbili zenye wastani juu yake, hata kama jarida linaikubali. Nataka nukta ya kila kikopo, na vilivyoachwa vihesabiwe pembeni pamoja na sababu ya kuachwa. Mwanafunzi anayechora nukta zote analazimika kuamua afanye nini na zile zisizokaa sawa, na uamuzi huo ndio utafiti wenyewe.

Kurekebisha

Hatukukubaliana mara moja. Msimamizi mkuu alitaka aandike aya ya mapungufu mwishoni mwa tasnifu na kuendelea na sura nyingine, kwa kuwa muda uliobaki ulikuwa miezi kumi tu. Nilimwelewa. Aya ya namna hiyo huandikwa kila siku, na wanafunzi huhitimu. Lakini mimi niliona kwamba aya isingetibu kitu: dai kuu la tasnifu lilikuwa joto linafupisha mizizi, na jaribio halikuwa na uwezo wa kulisema hilo.

Mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyeumaliza mvutano. Aliomba dakika 20, akaja na karatasi moja. Upande wa kushoto alikuwa amechora makabati mawili kama yalivyokuwa. Upande wa kulia alichora makabati yaleyale mara nne, duru baada ya duru, yakibadilishana joto: duru ya kwanza A kwenye 25 na B kwenye 32, ya pili kinyume chake, ya tatu kama ya kwanza, ya nne kama ya pili. Chini aliandika muda: siku 21 za kuotesha na siku saba za kusafisha, duru tatu zaidi, wiki 12. Msimamizi mkuu aliitazama karatasi ile kwa muda, akauliza kuhusu mbegu kama zinatosha, akakubali. Hakuna aliyetamka neno takwimu. Karatasi ile moja ilikuwa wasilisho bora kuliko slaidi 22.

Katika wiki hizo 12 tulianza zoezi la kila Ijumaa. Alitafuta mtu mmoja asiye wa idara yetu, kila wiki mwingine, akamweleza kazi yake kwa dakika tano kwa chaki tu. Kisha mtu huyo alirudisha alichoelewa, na mwanafunzi alikiandika neno kwa neno bila kumsahihisha. Sharti hili la mwisho lilimsumbua mno. Wiki mbili za kwanza alikuwa akikatiza: "Hapana, sikumaanisha hivyo." Nikamwambia alichokielewa msikilizaji ni kipimo, kama vile mizizi ilivyo kipimo, na kipimo hakibishiwi, huandikwa. Baadaye alizoea, na daftari la Ijumaa likawa na thamani yake.

Ijumaa ya tatu mwanafunzi wa uhasibu alirudisha hivi: "Kwa hiyo unataka kujua kama makabati yako yanafanana." Mwanafunzi wangu alikuja kwangu amekata tamaa, akidhani ameshindwa kueleza. Tulipolitafakari tukaona msikilizaji amegusa jambo ambalo halijapimwa. Kesho yake akaweka vikopo vyenye udongo uliomwagiliwa lakini visivyo na mimea katika makabati yote mawili, yakiwa kwenye joto moja, akavipima uzito asubuhi na jioni. Vya B vilipoteza maji haraka zaidi, na vilivyokaa nyuma karibu na feni vilikauka mapema kuliko vyote. Kifo cha ile miche saba kikapata maelezo.

Duru nne zilisema nini

Duru ya kwanza, ile ya zamani, tofauti kati ya nyuzijoto 25 na 32 ilikuwa sentimeta 3.3. Duru ya pili, makabati yalipobadilishana joto, tofauti ikashuka hadi sentimeta 0.2. Nakumbuka alivyonipigia simu siku ile, sauti imekauka: "Mwalimu, matokeo yamepotea." Nikamsihi asihukumu kwa duru moja, amalize alichokichora. Duru ya tatu ikatoa 3.0, ya nne 0.5.

Hesabu yake ikawa rahisi kuliko ile ya mwanzo. Wastani wa tofauti nne ni sentimeta 1.75, na kwa kuwa kila kabati lilibeba kila joto mara mbili, upendeleo wa kabati, yaani athari ya kabati lenyewe, unajifuta katika wastani huo. Upande wa pili, kabati B lenyewe lilikuwa likifupisha mizizi kwa sentimeta 1.4 hivi, joto lolote liwalo. Athari ya joto ilikuwapo kweli, ila ni kama nusu ya ile aliyoitangaza kwa herufi nene. Na kwa kuhesabu duru, si vikopo, kipimo chake kilitanuka: athari ya joto iko mahali fulani kati ya sentimeta 1.3 na 2.2 kwa uhakika wa asilimia 95. Alihuzunika kidogo kuona namba zisizong'aa kama za mwanzo. Mimi nilifurahi sana, maana hizi angeweza kuzisimamia mbele ya yeyote.

Sura ya mbinu aliiandika upya kabla ya kugusa sura ya matokeo, kwa vitenzi vyenye mtendaji na vitu vyenye majina. Kichwa cha tasnifu kilipungua kutoka "Athari za joto katika ukuaji wa mizizi ya nafaka" hadi kichwa kirefu chenye aina moja ya nafaka, viwango viwili vya joto na siku 21.

Semina ya pili ilikuwa mwezi wa 18. Slaidi zilikuwa saba. Swali lake alilisema katika dakika ya kwanza, ilhali mara ya kwanza lilikuja slaidi ya 13. Slaidi ya pili ilikuwa picha ya karatasi yake ya makabati, imepigwa kama ilivyo, pamoja na mikunjo yake. Grafu ilikuwa na jozi nne za nukta kubwa na nyuma yake nukta ndogo za kila kikopo. Miche iliyokufa ilihesabiwa pembeni kwa kabati na kwa duru. Upendeleo wa kabati B aliutaja mwenyewe kabla ya mtu kuuliza.

Yule mzee wa fizikia alikuwapo. Akainua mkono tena.

"Hizo nyuzijoto 25 na 32, umezijuaje?"

Nilimwona mwanafunzi anavuta pumzi. "Profesa, unauliza kama nilipima joto ndani ya kabati, au nilisoma namba iliyo kwenye mlango?"

"Ndilo hilo."

"Nilisoma namba ya mlangoni. Ndani nilipima duru ya nne peke yake, kwa kipimajoto nilichokihakiki kwenye maji ya barafu. B ilipoonyesha 25 nilipata 25.3. A ilipoonyesha 32 nilipata 31.4. Duru tatu za kwanza sikupima."

Mzee akaandika kitu kwenye karatasi yake. Mwanafunzi naye, kabla ya kumpa nafasi mwingine, akafungua daftari la maabara lililokuwa mezani, akaliandika swali lile.